Ukihakiki riwaya ya majini, mwamini jini kwanza

Tangu uhakiki wangu wa riwaya ya Babu Alipofufuka utoke gazetini, simu haijapumzika. Ujumbe ulionikaa moyoni ni wa kijana mmoja anayesomea ualimu: "Dada, riwaya za majini na mizimu nazipenda kuliko zote, ila nikitaka kuziandikia naogopa kuonekana sina la maana. Nianzie wapi?"

Mdogo wangu, umenigusa penyewe. Uhakiki wa kwanza niliowahi kumpelekea mhariri ulihusu Adili na Nduguze. Aliusoma nimesimama mbele yake, akanirudishia: "Hizi hadithi za kulalia watoto. Tuletee kitu chenye jamii ndani." Sauti yake bado naisikia, wala sitajifanya nimesahau. Kitabu cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952! Ndugu wawili wanamhusudu mwenzao hadi kumtendea ubaya, jini anawageuza manyani, na Adili anaamriwa awacharaze viboko kila usiku. Jamii ipi tena aliyokuwa akiitaka yule bwana?

Nilirudi nyumbani nikakisoma upya kipande kile cha viboko. Adili hapigi kwa raha. Anapiga kwa kuwa ameamriwa na aliye na nguvu kuliko yeye, kisha anawalisha wale wale aliowapiga. Mhakiki anayekimbilia kuandika kwamba manyani ni ishara ya husuda ameshaupita uchungu wenyewe: ndugu ameshika mjeledi, ndugu zake hawawezi kusema neno, na kesho usiku ni yale yale.

Basi ushauri wangu mkubwa ndio huo: mwamini jini kwanza. Kabla hujauliza anawakilisha nini, uliza anaweza nini, hawezi nini, na anayemwendea analipa nini. Riwaya ya aina hii husimama au huanguka kwa sheria zake. Mwandishi akimpa mganga wake uwezo wa kila kitu, hofu imekwisha na kitabu kimekwisha. Katika Kusadikika, kitabu kingine cha Shaaban Robert, nchi yenyewe iko angani, lakini mhusika wake Karama anaposhtakiwa anajitetea mbele ya baraza, hoja kwa hoja, na ndiyo maana tunamhofia.

Hivyo ndivyo nilivyomwendea Said Ahmed Mohamed. Babu Alipofufuka ni riwaya ya mwaka 2001, na siasa za baada ya uhuru zimejaa humo. Wengi huanzia hapo na kuishia hapo. Mimi nilianza na marehemu mwenyewe. K ni mtu mwenye cheo, aliyezoea kutiiwa, sasa amejiwa na babu yake aliyekufa, na cheo hakimsaidii kitu. Nikajiuliza: babu huyu ana mamlaka gani juu ya mjukuu ambayo walio hai hawana? Swali hilo moja lilinifungulia uhakiki mzima, na siasa zikaja zenyewe, tena zikiwa na uzito. Walioniandikia wamesifu mahali hapo hapo. Nimefurahi, sifichi.

Kwa hiyo soma kitabu mara mbili. Mara ya kwanza ogopa kama msomaji mwingine yeyote. Mara ya pili shika kalamu utafute sheria. Tafuta sheria, narudia, kwa sababu shuleni tumefundishwa kuorodhesha dhamira, maudhui na wahusika, tukadhani tumemaliza kazi. Hatujaigusa. Watu wa mwambao wamesimuliana habari za majini vizazi na vizazi, halafu msomi anakuja kuzionea haya kwa niaba yao! Tuache tabia hiyo. Anayeona aibu na kitabu asikihakiki.

Na tuwe waaminifu kwa wasomaji. Katika Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960, hofu ya mzimu inakutana na akili ya Bwana Msa, mpelelezi. Ukihakiki kitabu kama hicho, eleza hofu ilivyojengwa, nukuu sentensi iliyokusisimua, useme kama mwandishi aliitendea haki. Mzimu una kweli au hauna, hilo usilitoboe. Mwachie aliyetoa pesa yake kununua kitabu.