Mamangu anatafuna na mdomoni hamna kitu

SWALI: Assalaam aleikum, daktari. Mamangu ana miaka 63, tunakaa Kisauni. Ni miaka minane sasa anameza haloperidoli kwa maradhi ya akili, na ametulia vizuri. Mwaka huu mdomo umeanza kutafuna wenyewe, ulimi unachomoza na kurudi, vidole vya miguu vinachezacheza. Akilala, vyote hutulia. Majirani wanasema ni pepo, apungwe. Kakangu anataka tumwachishe vidonge leo hii. Tufanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Vidonge msimwachishe ghafla. Mkifanya hivyo, mdomo waweza kuzidi kutafuna, na maradhi yake yakarudi.

Hata hivyo, kakako hakukosea kuishuku dawa. Haloperidoli huziba mahali dopamini, kemikali ya kupashana habari ubongoni, inapopokelewa, na ndivyo inavyotuliza maradhi. Ikiziba kwa miaka mingi, inadhaniwa kwamba seli za ubongo zinazoipokea huwa na wepesi wa kuiitikia uliopita kiasi, misuli ikasogea pasipo mtu kutaka. Hali hii huitwa tadivu diskinezia. Huwapata zaidi wazee, wanawake na wenye kisukari. Kutulia usingizini ni kawaida yake.

Dua endeleeni nayo, na kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani, akitaka anywe. Ninachokihofia ni apungwe siku kadhaa na vidonge viwekwe kando.

Jambo jingine hukosewa mara nyingi: mgonjwa wa namna hii huongezewa benzheksoli, ile Artane. Inafaa sana shingo inapopinda siku za mwanzo za dawa, au mikono inapokakamaa na kutetemeka. Kwa huku kutafuna haisaidii, na huenda ikazidisha miondoko. Kama anaimeza, mwulizeni daktari kuhusu kuipunguza polepole.

Mpelekeni kwa daktari wa akili. Hospitali ya Port Reitz, hapo Mombasa, ina kitengo hicho. Anaweza kupunguza dozi kidogo kidogo, au kumhamishia dawa nyingine za maradhi ya akili, kwetiapini au klozapini. Klozapini hudai kupimwa damu kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo, kwa sababu yaweza kushusha chembe nyeupe za damu. Zipo pia dawa za kutuliza miondoko yenyewe: tetrabenazini ya zamani, na valbenazini na deutetrabenazini zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2017. Atakayepewa tetrabenazini aangaliwe asije akazama katika huzuni. Kwa wengine miondoko hupungua bila kwisha, na kadiri inavyogunduliwa mapema ndivyo matumaini yanavyokuwa makubwa.

Kabla ya kwenda, mpige video akiwa amekaa, mikono magotini. Chukua dawa zake zote, hata za kununuliwa duka la dawa. Plasil ya kuzuia kutapika, ikitumiwa muda mrefu, huleta hali hii hii. Mweleze daktari kama ana meno ya bandia yanayolegea, maana nayo yaweza kumfanya mtu atafunetafune, na kama katika ukoo kuna aliyewahi kuwa na miondoko kama hiyo. Akiwapo wa namna hiyo katika ukoo, atafikiria pia ugonjwa wa Huntington, maradhi ya ubongo yanayorithiwa.

Akianza kupaliwa na chakula au kupumua kwa shida, msingoje siku ya kliniki. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.