Nilijiondoa kwenye matangazo, mbona yamerudi?

SWALI: Mwezi uliopita niliangalia bei ya friji mtandaoni mara moja tu. Tangu siku hiyo friji hainiachi, hata nikifungua programu ya matokeo ya mpira kwenye simu yangu ya Android. Nikaingia optout.aboutads.info, ukurasa wa kuziomba kampuni za matangazo zisikulenge, kwenye kompyuta ya ofisini, ninayotumia Chrome, nikachagua kampuni zote. Kwenye kompyuta kukatulia, simuni hapakubadilika kitu. Wiki mbili baadaye nilisafisha historia na vidakuzi (cookies, faili ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kompyuta), na friji ikarudi kote. Nimekosea wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hujakosea, dada. Utaratibu wenyewe ndivyo ulivyo. Ukijiondoa kupitia ukurasa ule, kila kampuni huweka kwenye kivinjari chako kidakuzi chenye ujumbe kwamba mtu huyu asilengwe. Ombi lako linaishi ndani ya kidakuzi hicho, kwa hiyo ulipofuta vidakuzi ulilifuta nalo. Kichekesho ni kwamba kivinjari kinacholinda faragha vizuri, kama Safari ya Apple ambayo tangu 2020 inazuia vidakuzi vyote vya washirika wengine (vinavyowekwa na kampuni isiyo mwenye tovuti uliyoifungua), hakiwezi hata kulipokea ombi hilo. Ndiyo maana baadhi ya watu huona kampuni kadhaa zimegoma kwenye orodha.

Mimi nisingehangaika na ukurasa huo. Katika Chrome fungua Mipangilio, kisha Faragha na usalama, kisha Vidakuzi vya washirika wengine, uchague kuvizuia. Huo ni mpangilio wa kivinjari, hauondoki ukisafisha historia. Tovuti chache zitasumbua, hasa zile ambazo dirisha la malipo au la kuingia linatoka kampuni nyingine. Hapo ruhusu vidakuzi kwa tovuti hiyo peke yake, usifungulie zote. Na kwa kuwa kompyuta ni ya ofisi, ukikuta kitufe hakibonyezeki, kivinjari kinasimamiwa na watu wa TEHAMA. Waombe wao.

Simuni mambo ni mengine. Programu ya mpira haitegemei vidakuzi vya Chrome. Inasoma kitambulisho cha matangazo, mfululizo wa herufi na tarakimu 32 ambao ni uleule kwa programu zote za simu hiyo. Duka linaposema "mwenye namba hii alitazama friji", programu nyingine inakutambua papo hapo. Nenda Mipangilio, Faragha, Matangazo, kisha ufute kitambulisho. Kwenye simu nyingine njia inaanzia Mipangilio, kisha Google. Ukipotea, andika "matangazo" kwenye kisanduku cha kutafutia ndani ya mipangilio. Angalia vizuri: kuna kufuta na kuna kuweka upya. Ukiweka upya unapewa namba mpya, na wasifu wako unaanza kujengwa tena kesho yake. Ukifuta, programu inayokiomba inapewa sifuri tupu.

Bado kuna akaunti, na huenda ndiyo iliyoivusha friji kutoka kompyuta hadi simu. Kama umeingia kwa Gmail ileile pande zote mbili, kwa Google wewe ni mtu mmoja. Fungua myadcenter.google.com ukiwa umeingia, uzime matangazo yanayolengwa. Kisha kwenye myactivity.google.com weka Shughuli za Wavuti na Programu zijifute zenyewe kila baada ya miezi 3. Facebook na Instagram zina sehemu yao ndani ya Kituo cha Akaunti, inayoonyesha tovuti na programu zilizopeleka habari zako kwa Meta, kampuni inayomiliki mitandao hiyo. Unaweza kuziondoa kwenye akaunti yako habari zilizopita, hata kuzuia zijazo, lakini ukizuia zijazo hutaweza tena kuingia kwenye programu nyingine kwa kutumia Facebook. Weka nywila ya kawaida kwenye programu hizo kwanza.

Usitegemee matangazo kupungua. Idadi itabaki ileile, ila yatafuata ukurasa unaosoma badala ya kukufuata wewe.

Kuna njia moja ambayo mipangilio ya simu haiizuii. Duka ulikoacha namba ya simu wakati wa kununua linaweza kupakia orodha ya wateja wake kwenye mtandao wa matangazo. Namba hugeuzwa kwanza kuwa msimbo usiosomeka, lakini namba ileile hutoa msimbo uleule kila mara, hivyo mtandao ukigeuza namba uliyojisajilia wewe, zinaoana. Kinachofaa hapo ni barua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kukataa taarifa zako zitumike kukutangazia biashara. Liandikie duka, utaje namba yako na useme wazi kwamba unataka iondolewe kwenye orodha za matangazo. Tunza nakala yenye tarehe, kwa sababu wakikaa kimya utaihitaji unapopeleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.