Jibu: Kolaji za miili zinajikunja zikikauka

Habari dada. Umesema uliona picha za maonyesho ya 2023 ya Wangechi Mutu, msanii mzaliwa wa Kenya, pale New Museum, New York, ukajaribu kolaji zako za miili, yaani picha za vipande vya karatasi vilivyobandikwa pamoja, ila karatasi inajikunja ikikauka. Kagua gundi kwanza. Ile nyeupe ya mafundi mbao ina maji, na karatasi ikiyanywa huvimba. Paka nyembamba, sukuma hewa kwa kadi kutoka kitovuni hadi vidoleni, kisha ilaze chini ya vitabu vizito usiku kucha, juu yake karatasi ya kuokea keki. Mutu kolaji zake nyingi ameziweka juu ya Mylar, plastiki isiyonywa maji. Hiyo mimi sijaijaribu. Gazeti usitumie, wino huchujuka. Wachuuzi wa mjini wana majarida ya zamani yanayong'aa, rangi ya ngozi inaonekana vizuri.