Niliuliza kuhusu nywele, siku zangu nikazinyamazia

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ni swali gani uliona haya kumuuliza daktari?" Langu lilihusu hedhi.

Nilikuwa na miaka 37 uvimbe ulipoonekana kwenye titi la kushoto. Siku ya kuelezwa matibabu nilikaa mbele ya daktari wa kiume, rika la baba mdogo, mume wangu pembeni, na wanafunzi wanne wa udaktari wamejipanga ukutani. Nikauliza nywele zitatoka lini. Nikauliza kuhusu kutapika, kuhusu kazi, hata kama naruhusiwa dagaa. Siku zangu sikuzigusa, na yeye hakuzigusa.

Dripu za dawa za saratani ya titi zilikuwa nane, moja kila baada ya siku 21. Nyuma ya mlango wa chumbani tuna kalenda ya kwaya, na tangu niolewe ndipo ninapoweka alama nikiingia mwezini. Baada ya dripu ya kwanza hedhi ilikuja kwa wakati wake. Baada ya ya pili ikachelewa wiki mbili. Baada ya ya tatu haikuja kabisa, kalenda ikabaki na tarehe za hospitali tu.

Kusema kweli, mwanzoni nilishukuru. Nani ana nguvu za kuhangaika na pedi huku anatapika? Kilichonishtua ni joto. Mwezi wa saba, Dar es Salaam ina kaubaridi, mume wangu kajifunika shuka mpaka masikioni, mimi nimekaa kitandani khanga imelowa, moto unapanda kutoka kifuani hadi utosini. Mama, aliyekuja kuniuguza, aliniona usiku mmoja nikijipepea na bahasha ya eksirei akacheka: "Karibu, mwenzangu." Mama ana miaka 64.

Basi nikajiamulia mwenyewe kwamba kizazi kimefunga. Mambo ya kinga tukayaacha.

Miezi minane baada ya dripu ya mwisho, nikiwa tayari kwenye tamoksifeni, kidonge cha kila siku cha kuzuia saratani ya titi isirudi, niliamka na damu. Wala sikuwaza hedhi. Nilimuwaza dada tuliyelala naye vitanda jirani wodini. Yeye damu ndiyo iliyomtangulia ugonjwa: ilitoka katikati ya mwezi, ikatoka baada ya kukutana na mumewe, akadhani anaingia mwezini mara mbili, kumbe ni saratani ya mlango wa kizazi. Alipigwa mionzi ya nyonga, na ovari hazihimili mionzi. Hedhi yake ilikoma moja kwa moja akiwa na miaka 34. Ila mwenzangu aliambiwa mapema, akalia mapema.

Kliniki nilimkuta daktari kijana wa kike. Akaniuliza mara ya mwisho kuona siku zangu ilikuwa lini, halafu: "Mnatumia kinga gani?" Nikamjibu hatutumii, mbona nilishakauka. Akaweka kalamu chini. Kabla ya lolote akanipeleka kupima mimba. Kusubiri kile kimstari kulikuwa kurefu kuliko kusubiri majibu ya titi.

Mimba haikuwepo. Ndipo akanieleza. Mwanamke anazaliwa na akiba yake yote ya mayai, haiongezeki. Dawa za dripu, hasa saiklofosfamaidi niliyopewa mimi, zinaharibu pia vifuko vinavyolea mayai ndani ya ovari. Homoni zinashuka, hedhi inakatika. Akiba ikiwa bado ipo, inaweza kurudi baada ya miezi, pengine mwaka au zaidi, na aliye chini ya miaka 40 ana nafasi kubwa kuliko aliyevuka. Lakini yai hupevuka kabla damu haijaonekana, kwa hiyo unaweza kushika mimba bila kuona hata tone. Na tamoksifeni inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Sindano, vijiti na vidonge vya majira vina homoni, havitufai sisi wa saratani ya matiti. Nikawekwa kitanzi cha shaba. Mume wangu aliuliza kama kitalia uwanja wa ndege.

Kwa wasichana ambao hawajazaa sina uzoefu, ila najua hili: swali lenu liulizwe kabla ya dripu ya kwanza. Kuna kugandisha mayai, japo gharama yake si mchezo, na kuna sindano ya kila mwezi ya kuzilaza ovari wakati wa matibabu. Dripu zikishaanza, sehemu kubwa ya mazungumzo hayo imepitwa. Na kwa akina mama wenzangu wa tamoksifeni ambao hedhi ilishakoma: ukiona damu, hata doa, usisubiri tarehe ya kliniki. Dawa hiyo inaweza kugusa ukuta wa mfuko wa uzazi, na ni lazima uangaliwe.

Kalenda bado ipo mlangoni. Mwezi huu nimeweka alama tarehe 9. Mwezi uliopita hakuna, uliotangulia zipo mbili. Naibeba kliniki imekunjwa ndani ya mkoba, wanafunzi wawepo wasiwepo.

Mama wa wawili, Dar es Salaam