Banda la boa Arusha lijengwe kwa baridi ya Julai

Alfajiri moja ya mwezi wa saba niliwasha taa nikamkuta panya kalala katikati ya tangi la kioo, kalowa, mkia na masikio bado yanatambulika. Panya huyo nilikuwa nimemlisha Shangazi siku tatu nyuma. Shangazi mwenyewe alikuwa kajikunja kwenye kona, ukimgusa ni kama umegusa bomba la maji. Kipimajoto kilisoma nyuzi 17. Ni kama nilikuwa nimemweka nyoka ndani ya friji ya soda kwa miezi miwili, na kila siku nilikuwa namsifu kwa upole wake. Kumbe ule haukuwa upole, alikuwa ameganda.

Shangazi ni boa jike. Nilimpa jina hilo kwa sababu alikuja, akala, akalala, na hakuna wa kumwuliza ataondoka lini. Shangazi yangu wa damu aliposikia alininunia hadi Krismasi. Aliyeniachia ni mwalimu wa kigeni aliyemaliza mkataba wake hapa mjini, na kabla sijampokea tulishughulikia karatasi. Nalisema hili mapema kwa sababu vijana wengi wanaliruka: kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori hawekwi nyumbani bila kibali, na boa wako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini. Nenda ofisi ya wanyamapori ukaulize kabla hujamwona fundi seremala. Na usije ukaokota chatu porini ukasema ni yule yule tu. Chatu wetu wa Afrika anakua mkubwa kuliko boa, hasira yake ni nyingine, na pale porini ana mwenyewe: serikali.

Sasa banda.

Boa asili yao ni Amerika, kuanzia Meksiko kushuka hadi Ajentina. Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe kama sisi, analitafuta. Akishakula anahitaji joto tumboni ili chakula kimeng'enywe. Asipolipata, chakula kinaoza ndani, naye anakitapika. Akitapika usimlishe tena haraka kwa huruma. Mwache apumzike wiki mbili akiwa na maji na joto la kutosha, kisha umpe kitu kidogo kuliko kile cha mwanzo. Maelekezo mengi utakayosoma yameandikwa na watu ambao nyumba zao zina mitambo ya kupasha joto chumba kizima. Nyumba zetu zina madirisha ya wavu na sakafu ya saruji. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukiwa Ngaramtoni au juu ya Sakina mwezi wa saba, upepo wa Meru unaingia chumbani bila kupiga hodi. Kwa hiyo usipime banda lako kwa mchana wa Januari. Lipime kwa saa kumi alfajiri ya Julai.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kioo. Tangi la kioo linapendeza, wageni wanapiga picha, lakini kioo kinamwaga joto pande zote. Banda la mbao linalishika. Mimi nilitumia plaiwudi ya milimita 18, na hesabu yake ni rahisi hata fundi hakubishana. Boa mkubwa anahitaji angalau urefu wa futi 6, upana futi 2, kimo futi 2. Karatasi moja ya plaiwudi ni futi 8 kwa 4. Ipasue katikati kwa urefu upate vipande viwili vya 8 kwa 2, kisha kila kipande kikate kwenye futi 6. Karatasi mbili zinakupa mbao nne za 6 kwa 2 na nne za 2 kwa 2. Tatu ndefu ni sakafu, dari na mgongo. Mbili fupi ni kuta za pembeni. Ndefu iliyobaki ipasue iwe fremu ya mbele na rafu ya kulalia, na hizo fupi mbili za ziada usimwachie fundi, utazihitaji.

Mbele weka vioo viwili vya kuteleza kwenye reli za alminiamu, kama makabati ya maduka ya simu. Mwambie fundi hivyo hivyo, "kabati la duka la simu", ataelewa kuliko ukimchorea. Viungo vyote vya ndani vizibwe kwa silikoni, maana unyevu ukiingia kwenye plaiwudi inavimba na kuachana. Paka vanishi ya maji, si ile ya mafuta inayowasha macho, kisha liache banda wazi hadi harufu iishe kabisa. Langu lilikaa varandani wiki mbili na nusu. Mgongoni na juu, kwa nje, nilibandika yale mabamba meupe mepesi yanayokuja na maboksi ya friji na televisheni. Wauza vifaa vya umeme wanayatupa, ukiomba unapewa bure. Matundu ya hewa yawe machache: upande wa joto chini, upande wa baridi juu, yote na wavu wa chuma. Usipige matundu kama banda la kuku, utakuwa unapasha joto mtaa mzima.

Kwenye joto lenyewe wafugaji wa kuku ndio rafiki zako. Duka la wanyama wa kufugwa wa aina hii hapa hakuna, lakini wanaouza bruda za vifaranga na mashine za kutotolesha mayai wana karibu kila unachohitaji. Ila usichukue ile balbu nyekundu ya vifaranga. Ni kali mno kwa boksi dogo, na nyoka hana akili ya kukimbia kitu kinachomchoma juu yake. Anaweza kujizungusha kwenye balbu akaungua taratibu bila kujitoa. Tafuta balbu ya seramiki, ile isiyotoa mwanga, ya wati 100 au 150, uifunge kwenye holda ya kaure. Holda ya plastiki itayeyuka. Izungushie kizimba cha waya ambacho nyoka hawezi kupenyeza hata kichwa.

Halafu themostati, kifaa kinachowasha na kuzima balbu kulingana na joto, ambacho wauza mashine za mayai wanakiita kontrola. Hapa msibane matumizi. Mara nyingi ikitoka dukani imepangwa nyuzi 37 na nusu, joto la mayai. Ibadilishe. Upande wa joto, pale anapolala, unataka nyuzi 30 hadi 32. Upande wa pili 25 hadi 27. Usiku panaweza kushuka kidogo, lakini usiruhusu 20. Lengo si boksi zima liwe na joto moja. Boa anataka kuchagua: akishiba anakwenda kwenye moto, akichoka anarudi kwenye kivuli. Ndiyo maana balbu inakaa upande mmoja, sio katikati. Vipimajoto viwe viwili, kila upande kimoja, na vikae chini alipo nyoka. Dari haina tumbo.

Waya wa kupimia joto wa kontrola ndio ulionitoa jasho. Niliuning'iniza tu juu ya rafu. Siku moja nikarudi kutoka kazini jioni, nikafungua kioo, hewa ikanipiga usoni kama mvuke wa sufuria. Shangazi alikuwa amejiviringisha kwenye waya, akauvuta hadi upande wa baridi, ukatumbukia karibu na maji. Kontrola ikadhani banda limepoa, ikaendelea kuwasha. Upande wa joto ulikuwa umefika 41. Yeye alikuwa kazama ndani ya beseni la maji, pua tu nje, ananitazama. Lile beseni ndilo lililomwokoa. Tangu siku hiyo waya umebanwa ukutani kwa klipu na skrubu, na bakuli la maji ni kubwa kiasi cha yeye kuingia mzima. Liwe la udongo au kitu kizito. Beseni la plastiki analipindua usiku wa kwanza, na asubuhi una tope.

Umeme ukikatika je? Swali hili halimo kwenye maelekezo ya wenzetu. Mimi huchemsha maji, nayaacha yapoe kidogo ili dumu lisilegee, najaza madumu mawili ya lita 5, kila moja nalifunga kwenye blanketi kuukuu ili Shangazi asiliguse moja kwa moja, nayaweka upande wa joto. Kisha nafunika kioo cha mbele kwa blanketi jingine, nikiacha matundu ya hewa wazi. Kwa banda la mbao lenye mabamba yale meupe, hayo yananivusha kwa muda wa saa nne hadi tano. Umeme ukichelewa zaidi, nabadilisha maji. Kamwe usiingize jiko la mkaa chumbani ati umpashe nyoka. Hewa ya mkaa haichagui, itaanza na wewe uliyelala. Na kama ulimlisha jana yake, siku hiyo madumu hayana mjadala. Ndiyo maana siku hizi simlishi nikishasikia minong'ono ya mgao wa umeme.

Kwa walioko Moshi mambo ni kinyume. Kule ni chini ya mita 900, na Februari mchana joto linavuka nyuzi 30 bila msaada wa mtu. Rafiki yangu wa Pasua aliiga banda langu lote na mabamba yake, akaliweka chini ya bati lisilo na dari. Mchana alilazimika kuzima kila kitu na kulala na kipimajoto mkononi. Kwake ushauri ni mfupi: matundu zaidi, mabamba uyabandue, banda likae ukuta usiopigwa na jua la mchana. Kokote uliko, jua la moja kwa moja lisiguse kioo. Dakika chache zinatosha kumuua.

Chini nilianza na maranda ya fundi. Yalikuwa ya paini, na utomvu wa paini unawakera mapafu. Nikahamia magazeti, yanafaa na ukiwa mvivu yanakuonyesha uchafu mara moja. Sasa natumia makumbi ya nazi yaliyosagwa, yanayoletwa kutoka Tanga kwa wenye vitalu vya maua. Yanashika unyevu, na unyevu ndio unaokosekana hapa mwezi wa kwanza na wa pili, hasa ukizingatia balbu inakausha. Kipima unyevu kisome kati ya asilimia 50 na 70. Ukiona macho yake yamekuwa ya buluu kama maziwa yaliyochujwa, anakaribia kujivua ngozi. Mpe pango lenye unyevu. Langu ni ndoo ya mafuta ya kupikia, imeoshwa vizuri, imekatwa tundu, ndani kuna makumbi yaliyolowa. Ngozi ikitoka vipande vipande kama karatasi ya ukutani, ujue hewa ilikuwa kavu. Ikitoka nzima kama soksi, umefaulu.

Mapango yawe mawili, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, na yambane. Ukimpa pango kubwa kama kanisa hataingia. Anataka mgongo uguse dari na mbavu ziguse kuta. Zile mbao mbili za 2 kwa 2 nilizokwambia usiachie fundi ndizo zilizotengeneza mapango yangu. Akiwa na pango moja tu, tena upande wa baridi, atachagua kujificha aache joto, na tumerudi kwenye panya wa Julai.

Tawi la kupandia nililifuata shambani kwa mjomba. Alinipa shina la mkahawa, zuri, limepinda vizuri, lakini kahawa hupigwa dawa, nikaliacha. Nikachukua mpera: gome laini, mbao ngumu. Liloweke kwenye maji ya moto, likaushe juani, ulifunge kwa skrubu kutoka nje ya banda. Kuegesha tu haitoshi.

Mtoto wa boa usimtupe kwenye banda la futi 6. Anazaliwa na urefu wa kama nusu mita, na uwanja mtupu unamtisha hadi anagoma kula. Mwanzie kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa klipu, lililotobolewa matundu, huku ukidunduliza za plaiwudi. Jike anaweza kufika mita 2 na zaidi, na kuishi miaka 20 au hata 30. Nilipoikubali hesabu hiyo nilikuwa sijaoa. Mtoto wangu wa kwanza atamaliza sekondari Shangazi bado yupo. Ukimchoka usimwachie mtoni. Huko Aruba boa walioachiwa walizaana hadi kisiwa kizima kinahangaika nao.

Baada ya kumshika osha mikono kwa sabuni, kwa kuwa reptilia hubeba bakteria wa salmonela, na banda lisikae jikoni.

La mwisho ni kufuli. Mwaka jana kioo kilibaki wazi upana wa vidole viwili, usiku mmoja tu. Nilimkuta kesho yake nyuma ya friji ya mama mwenye nyumba, kajipasha kwenye mota. Mama alikuwa juu ya meza, na jirani alikuwa mlangoni na panga. Nilipomaliza kuomba msamaha nilinunua kufuli ya kabati la kioo, na funguo zilikuja mbili. Moja ninayo mimi. Ya pili aliidai yeye, na kila usiku kabla hajazima taa ya uani anagonga dirisha langu.

"Mwanangu, umefunga?"

"Nimefunga, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Fungua mlango nihakikishe mwenyewe."