Tuliingia kwa wingi Wikipedia, tukafungiwa

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu. Makala ya Wikipedia ya Kiingereza kuhusu mradi mmoja wa huku kwetu imeandikwa kana kwamba mwenye mradi ndiye aliyeshika kalamu. Tukakubaliana kwenye grupu la WhatsApp, na usiku mmoja watu 12 tukafungua akaunti tukairekebisha. Kufika asubuhi kila tulichoandika kimeondolewa, wenzetu watatu wamefungiwa, na wanaitwa vikaragosi, yaani akaunti za bandia za mtu mmoja, ilhali ni watu na vitambulisho vyao. Wa upande wa pili nao tunaona wanasaidiana na hakuna anayewagusa. Je, kuna sheria inayokataza wenyeji kuandika habari za kwao?

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Sheria hiyo haipo. Kuwa mtu wa Lamu si kosa, kuwa na msimamo si kosa, na hata kuwa wengi si kosa. Kilichowaponza ni kupangana pembeni wasikoona wahariri wengine, kisha kuingia kila mmoja akijifanya amekuja kivyake.

Hebu ufungue historia ya ukurasa ule uitazame kwa macho ya mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia mwenye uwezo wa kufungia akaunti, aliye Toronto au Pune. Saa zilizoandikwa pale ni za UTC, yaani saa za kimataifa, saa tatu nyuma ya zetu. Saa 18:04, yaani saa tatu na dakika nne usiku Lamu, akaunti mpya inafuta aya nzima. Mhariri wa zamani anairudisha. Saa 18:07 akaunti nyingine mpya inaifuta tena, na saa 18:11 ya tatu, na maelezo ya badiliko ni yaleyale neno kwa neno. Majina yote ni mekundu, maana hakuna aliyejiandikia hata mstari mmoja kwenye ukurasa wake wa mtumiaji. Hakuna aliyewahi kugusa makala nyingine. Mkabidhi hawezi kujua kama ni watu 12 au ni mtu mmoja mwenye simu na usiku mrefu. Wala taratibu hazimlazimishi kujua: watu walioitwa makusudi waje kuunga mkono upande mmoja wanaweza kuhesabiwa kama mtu mmoja. Kuna pia kanuni ya kutotengua mabadiliko ya wengine zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 kwenye ukurasa mmoja, na kupokezana zamu ili kuikwepa huwaudhi wakabidhi kuliko hata kuivunja.

Wapo wakaguzi wachache wanaoruhusiwa kuona anwani za IP, yaani namba zinazoonyesha mtu ameingia kwa mtandao upi, na aina ya simu au kivinjari, na taarifa hizo huhifadhiwa kwa siku 90. Hapa tunaotumia intaneti ya simu tuna balaa letu, kwa sababu kampuni za simu huwagawia wateja wengi anwani moja. Akaunti ya Shela, ya Mokowe na ya Langoni zaweza kuonekana zimetoka mlango mmoja. Kwa hiyo wenzako watatu wakate rufaa, kila mmoja kwenye ukurasa wake wa majadiliano, waeleze jambo hili na waseme wazi kwamba grupu lilikuwepo. Wasifungue akaunti nyingine katu. Wakifungua, lile jina la kikaragosi litakuwa limewastahili.

Mbinu yenu si ngeni. Mwaka 2008 kikundi kimoja cha Marekani kinachoitetea Israeli, CAMERA, kilibainika kikikusanya wahariri kwa barua pepe za siri, na baadhi yao wakafungiwa. Mwaka 2009 kamati ya usuluhishi ya Wikipedia ya Kiingereza ilizifungia anwani za IP za kanisa la Scientology. Lakini kisa ninachopenda wanaharakati wakisome ni cha Wikipedia ya Kikroatia. Kule kikundi cha wakabidhi wazalendo kiliishika ensaiklopidia nzima kwa miaka, kikawafukuza waliopinga, kikafika hadi kuiita Jasenovac, kambi ya mauaji ya vita vya pili vya dunia, kambi ya kukusanyia watu na ya kazi. Taasisi ya Wikimedia, inayoendesha Wikipedia, ilitoa ripoti juu ya jambo hilo mwaka 2021. Ensaiklopidia yenye wahariri wachache hutekwa kirahisi, na yetu ya Kiswahili nayo ina wakabidhi wa kuhesabika. Mlango mnaotaka kuufungua nyinyi watu 12 wema ndio watakaopitia wengine.

Sasa tuje kwenye maandishi yenyewe. Hukuutaja mradi, basi nichukue mfano wa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa Kwasasi, huku kwetu Lamu, megawati 1,050. Mwanaharakati mwenye uchungu ataandika: "Mradi huu wa mauti ulikataliwa na wananchi wote wa Lamu." Sentensi hiyo haimalizi saa moja. "Mauti" ni hukumu ya mwandishi, na "wote" si kweli. Wewe na mimi tunawajua vijana waliokuwa wakingojea ajira pale. Andika hivi: "Tarehe 26 Juni 2019, jopo la kitaifa la kesi za mazingira (NET) lilibatilisha leseni ya mazingira ya mradi huo, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo." Weka na chanzo chake, ikiwezekana gazeti lililoripoti uamuzi badala ya hukumu peke yake. Sentensi ya pili imepoa, lakini inamuuma mwenye mradi zaidi, na atakayeifuta ndiye atakayetakiwa kujieleza.

Nakiri kwamba kanuni hii ya kudai chanzo kilichochapishwa inatubana. Wanayoyajua wavuvi wa Amu juu ya mikoko na mikondo ya bahari hayakuchapishwa popote, na neno la mzee barazani halihesabiwi kuwa chanzo. Kwangu mimi huo ndio upendeleo mkubwa kuliko hata wahariri wa upande wa pili. Lakini hauondolewi kwa kufuta aya usiku. Mpelekeeni habari mwandishi wa gazeti au mtafiti, ikishachapishwa irudini nayo.

Kwa upande wa makala, mmoja wenu aende kwenye ukurasa wa majadiliano, ajitambulishe kuwa ni mwenyeji na mpinzani wa mradi, kisha apendekeze badiliko moja tu, pamoja na chanzo. Mkikwama, ombeni maoni ya wahariri wa nje. Mjadala wa namna hiyo kwa kawaida huachwa wazi siku 30, na huamuliwa kwa uzito wa hoja, si kwa idadi ya mikono.

Na hao wa upande wa pili? Tangu 2014 anayelipwa kuhariri analazimika kusema nani anamlipa. Mnaweza kumuuliza hilo kwa adabu. Akikataa, kusanyeni viungo vya mabadiliko yake, na tarehe na saa, mviwasilishe kwenye ubao wa wakabidhi. Jina lake halisi, picha yake wala mahali anapofanyia kazi msivitaje, hata kama mnamfahamu na mlionana naye juzi pale jetini. Kumfichua mtu ni kosa kubwa kuliko lenu la mwanzo.