Ukienda kupimwa lugha kwa sumaku, usijifanye unajua kila picha

Kabla sijafanyiwa opereshini ya uvimbe upande wa kushoto wa ubongo, daktari aliniambia tutakuchorea kwanza ramani ya maneno, mi nikacheka nikajua ananitania. Kumbe kweli bana. Naandika hii kwa yeyote aliyepangiwa hicho kipimo, wenyewe wanakiita TMS, maana makaratasi niliyopewa yalieleza mashine tu, mgonjwa ajiandae vipi hamna, na nusura nikiharibu mwenyewe kwa ujuaji wangu.

Iko hivi. Koili yenye umbo la namba 8 inawekwa kichwani, umeme unapita ndani yake kufumba na kufumbua, sumaku inayotokea inapenya fuvu bila kukuchana popote na kuamsha umeme kidogo kwenye ubongo pale chini yake. Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walionyesha mwaka 1985 kwamba hii inaweza kumchezesha mtu mkono akiwa kakaa tu. Kwenye lugha ni kinyume, mapigo yakija mfululizo hayakufanyi uongee, yanakukwamisha, yaani wakigusa sehemu unayotumia kutafuta neno basi neno linakupotea kwa muda mfupi na wao wanaweka alama pale. Picha ya ubongo wako iliyopigwa kwa mashine ya MRI iko kwenye kompyuta na kamera inafuata kichwa chako pamoja na koili, so wanajua wamepiga wapi. Na usiseme mbona yule daktari Mfaransa, Broca, alishaonyesha sehemu ya kuongea tangu 1861, wanahangaika nini tena, maana watu hatufanani humo ndani, halafu uvimbe ukikaa muda mrefu ubongo unaweza kuhamisha kazi zake.

Sasa raundi ya kwanza, na hapa ndo ninapotaka unisikilize. Unaonyeshwa picha bila sumaku yoyote, kikombe, ngazi, mkasi, vitu vya kawaida, unataja jina. Picha inakaa kwenye skrini chini ya sekunde moja inatoweka. Ukikosea au ukisita, picha hiyo inatolewa kabisa. Mi nikaichukulia kama mtihani wa shule, nataka mia kwa mia. Ikaja picha ya kitu chenye mpini, nikawa sijui ni patasi au bisibisi, nikarusha "patasi" kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, ikapita.

Ikaja raundi ya sumaku, patasi ikatokea tena, nikasema "bi... pa..." nikanyamaza. Je, hiyo ilikuwa sumaku au ni mimi tu siijui patasi? Kila kitu kinarekodiwa video, baadaye wanaangalia upya wakilinganisha na raundi ya kwanza, na kwenye rekodi mi patasi naijua vizuri sana! Kwa hiyo kosa lingeandikwa la sumaku, pale pangewekwa alama ya lugha, na daktari wa upasuaji angeweza kuacha kipande cha uvimbe akiogopa kunifanya bubu, kisa aibu ya patasi. Wakati wa mapumziko nikamwambia fundi ukweli. Hakunicheka, akaitoa, na ile sehemu akairudia kwa picha nyingine.

Ukikwama kikweli utajua tu. Mi nilionyeshwa kijiko nikasema "uma" huku najisikia kabisa nakosea, picha mbili mbele mdomo ukafunguka na hakuna kilichotoka, yaani kitu nakiona, kazi yake naijua, jina halipo, halafu paap linarudi kama vile halikuondoka. Nilitoka jasho. Ila kuna kitu kingine kinafanana na hicho na sicho: koili ikija karibu na kipaji cha uso kwa pembeni, msuli wa taya unajibana na jicho linapepesa na panauma, maneno yanatoka yamepinda. Hiyo siyo lugha, ni taya. Sema hapohapo "hii ni taya", na ikiuma sema, wanaweza kugeuza koili kidogo au kupunguza nguvu.

Kama kila siku unaongea lugha mbili, uliza mapema utapimwa kwa ipi. Ikibidi wapime zote, kila moja na raundi yake ya kwanza, maana zinapokwama si lazima pawe palepale.

Mengine ya haraka: sema kama una chuma kichwani, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa au mashine ya moyo. Kama unatumia dawa za kifafa usiruke dozi, na usiku ulale, kukosa usingizi kunaongeza hatari ya degedege ambayo kwa kawaida ni ndogo. Vizibo vya masikio usikatae, ile koili inapiga makelele.

Halafu usiione ile ramani ukaogopa. Yangu ilijaa alama nikadhani nimekwisha, daktari akanieleza kwamba kipimo hiki kinazidisha alama, sehemu isiyo na alama ndo ya kuaminika zaidi kuliko yenye alama, ramani ni ya kupangia njia tu. Uhakika waliutafuta siku ya opereshini, wakaniamsha katikati fuvu likiwa wazi, wakawa wanagusa ubongo wenyewe kwa umeme huku nataja picha. Zilikuwa zilezile. Patasi haikuwemo.